Siku Nilipoitwa Mutumbula Kamina

Jambo hili sipendi kulisimulia, nawaambia mapema, na kama si huyu mdogo wangu aliyeanza kucheka na kusema "waambie ile ya bibliyoteki" ningekwenda nalo kaburini, maana hata leo nikipita mbele ya lile jengo (siku hizi wanaweka simenti ndani) mgongo wangu unashikwa na baridi kana kwamba yule mtoto bado yuko juu yake.

Ilikuwa wakati wa Wabelgiji. Base, kambi kubwa ya jeshi nje ya mji, ilikuwa ingali mpya, na kila Jumamosi lori la askari lilikuwa linaleta wake zao mjini kuzunguka sokoni, kisha jioni linawarudisha. Mimi nilikuwa mwanamke kijana katika kambi ya reli. Mume wangu, Donati, alikuwa fundi wa vichwa vya treni, na tulikuwa na mtoto mmoja tu, Ngoie, msichana wa miaka minne hivi, na Ngoie alikuwa hasemi. Kusikia alisikia, ukimtuma kijiko alikuletea kijiko, ukimwita alikuja, lakini neno halikutoka. Mama mkwe alileta dawa za kijijini, padri alimwekea mkono kichwani, jirani mmoja alinishauri nimlishe ulimi wa mbuzi (nilimlisha), na bado kimya. Majirani wengine walikuwa wakizungumza juu ya watoto wao na mimi nikipita wananyamaza, na huo unyamavu wao ulikuwa unaniuma kuliko kama wangenitukana.

Basi ikafunguliwa bibliyoteki, nyumba ya kusomea vitabu, huko site, mtaa wetu sisi watu weusi. Ilikuwa chumba kimoja chenye madirisha ya mbao, meza, mabenchi, na pembeni mkeka wa watoto wadogo wenye vitabu vya picha. Mwenye kuitunza alikuwa Bwana Kasimiri, mtu aliyekaa seminari miaka kadhaa kabla ya kuona kwamba anapenda mke, na alikuwa akiingia mle ndani anavua kofia kama mtu anayeingia mbele ya sakramenti. Ukutani alikuwa amebandika karatasi ya sheria, na kwa sababu sisi kina mama wengi hatukujua kusoma vizuri, alikuwa anatusomea kwa sauti, kila Jumamosi, hata kama tulikuwa walewale wa Jumamosi iliyopita.

"Mutoto mudogo haingie peke yake," alikuwa anasema. "Mukubwa anaingia naye, anakaa naye, anatoka naye. Mama mwenye kuacha mutoto humu na kwenda zake, harudie tena. Hapa hapana fasi ya kulelea batoto."

Sisi tulikuwa tunaitikia "Eyo vidye", ndiyo bwana, kwa heshima, halafu tunatazamana.

Nilimpeleka Ngoie kwa sababu kule watu wanatakiwa kukaa kimya, nami nikaona angalau mahali pamoja duniani mtoto wangu atafanana na wengine. Na kule, kwenye ule mkeka, siku moja aliweka kidole juu ya picha akasema "mbuzi." Sauti ilikuwa nzito, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. Nililia, na Bwana Kasimiri akaja kuniomba niende kulilia nje. Tangu hapo kila Jumamosi neno moja, mara mawili: ndege, kofia, moto. Nyumbani hasemi, kanisani hasemi, lakini mbele ya vile vitabu anasema. Kwa hiyo mnielewe, kile chumba mimi nilikuwa nakihitaji kuliko maji.

Sasa ile Jumamosi yenyewe. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea, na tangu alipofika alikuwa anakula sombe yangu, majani matupu ya muhogo, huku akitazama ukuta. Nilijua anangoja samaki. Alikuwa anatazama ukuta tu, na kutafuna polepole. Mimi na Ngoie tumekaa bibliyoteki, nikasikia treni ya Bukama inapiga filimbi, na treni ya Bukama maana yake samaki, na samaki, ukichelewa kidogo kule gare, kwenye kituo cha treni, wake za wakubwa wanamaliza wote. Nikamtazama Bwana Kasimiri, alikuwa ameinamia kitabu. Nikamtazama Ngoie, ametulia juu ya mkeka. Karibu yangu alikaa mke wa sajini mmoja wa Base, Mama Elisa, mwanamke wa kutoka mbali huko mtoni, naye alikuwa na msichana wake mkubwa sawa na Ngoie. Hawa wasichana wawili walivaa gauni za kitambaa kimoja, buluu chenye vidoti vyeupe, kwa sababu duka la Mgiriki lilikuwa limepokea kitambaa hicho peke yake, nusu ya watoto wa Kamina walikuwa vidoti vidoti.

Nikamnong'oneza, "Mama, minaomba, muniangalilie mutoto. Naenda ku gare, narudia sasa hivi."

Akatabasamu vizuri sana, akaniambia kwa Lingala, "Malamu, mama. Kende malamu."

Malamu najua ni vizuri. Nikaona tumeelewana. (Baadaye ndipo nilikuja kujua kwamba katika maneno yangu yote alishika "naenda" peke yake, akanitakia safari njema.) Nikatoka taratibu, nikifika nje nikakimbia.

Samaki nilipata, beseni zima, wabichi, wazuri. Lakini nikiwa bado nasukumana na wanawake wenzangu, mbingu ikafunga, upepo ukaanza kupeperusha mavumbi, na mvua ya Kamina mnaijua, haibishi hodi. Yule muuza samaki akanihurumia akanipa gunia nijifunike kichwa. Nikakimbia na gunia, na beseni, na miguu inateleza, na akilini nina wazo moja tu: niingie kabla Bwana Kasimiri hajainua kichwa, maana akiniona natoka nje nimelowa na samaki, siku hiyo ndiyo mwisho wa bibliyoteki, na mwisho wa bibliyoteki ni mwisho wa maneno ya mtoto wangu.

Nikafika. Ndani kulikuwa giza, upepo umefungua dirisha na mvua inaingia juu ya vitabu, na Bwana Kasimiri na Mama Elisa walikuwa wamenipa mgongo wote wawili, wanasukuma mbao za dirisha kwa mabega. Watoto wengine wamejibana chini ya meza. Juu ya mkeka amelala mtoto wa gauni la vidoti, uso kwenye ukuta. Nikasema moyoni, asante Bikira. Nikamwinua, nikamtupa mgongoni, nikamfunga kwa kitenge, nikamfunika gunia, kichwa na vyote, nikaweka beseni kichwani, nikatoka. Sidhani nilivuta hewa hata mara moja.

Njiani nilikuwa na furaha, nawaambia kweli. Nikaona kama mtoto amekuwa mzito, nikasema ni maji ya mvua. Mvua ikazidi mpaka sioni njia, nikapanda kwenye baraza ya duka la Mgiriki, ambako watu walikuwa wamejaa wakingoja itulie. Nikawasalimu, wakaitika, Mama Numbi muuza mikate akanisogezea nafasi.

Na hapo mtoto akaamka. Alisukuma kichwa ndani ya gunia, akalia kwa sauti kubwa na safi, "Mama na ngai azali wapi?"

Mimi, Mungu anisamehe, jambo la kwanza lililonijia lilikuwa furaha. Ngoie amesema. Hakusema mbuzi tu, amesema sentensi nzima. Halafu nikaisikia ile sentensi vizuri. Ilikuwa Lingala. Mtoto anauliza mama yake yuko wapi, kwa Lingala, juu ya mgongo wangu.

Nawaambia nilisimama pale kama mti uliopigwa radi ambao haujajua bado kwamba umepigwa. Beseni likateleza, samaki wakamwagika miguuni pa watu, wengine bado wanapiga mikia.

Sasa lazima mkumbuke watu wa Katanga walikuwa wanaogopa nini zamani zile. Kulikuwa na batumbula. Sikumwona hata mmoja maisha yangu, lakini kila mtu alijua mtu aliyejua mtu aliyekamatwa. Batumbula walisemekana wanatembea wakati wa giza na mvua, wanaingiza watu katika gunia, wanawapeleka mahali pa kuwanonesha kama nguruwe, na aliyechukuliwa harudi. Tulikuwa hatutembei peke yetu kwa ajili yao. Mimi mwenyewe nilikuwa nawaogopa.

Mama Numbi akauliza polepole, "Mama, ndani ya gunia iko nani?"

"Mutoto wangu," nikasema. Nilisema kwa mazoea. Ulimi ulitangulia.

Mwanaume mmoja wa baiskeli akavuta lile gunia. Mtoto akatokeza uso, na ule uso sikuujua, una mashavu makubwa na alama ya kovu karibu na jicho. Akanitazama kwa upande, akatazama watu, akasema, "Oyo azali mama na ngai te."

"Mutoto anasema huyu hapana mama yake," mwanaume akatafsiri, ingawa hakuna aliyehitaji.

Watu wakarudi nyuma hatua moja, wote pamoja, halafu wakasogea mbele tena, wakiwa wengi zaidi kuliko mwanzo.

"Jina ya mutoto nani?" Mama Numbi akaniuliza.

Nilikuwa nimesikia mama yake akiitwa Mama Elisa Jumamosi ngapi sijui. Mtu yeyote angefikiri, mama ni Mama Elisa, mtoto ni Elisa. Mimi sikufikiri. Nikasema, "Sijue."

"Na samaki ni ya nini?"

Kabla sijajibu, mtu wa nyuma akajibu mahali pangu, "Ya kumunonesha."

Na neno likatoka, sijui kwa kinywa cha nani, likapita barazani kwa sauti ya chini, mutumbula, mutumbula mwanamuke. Nilikuwa nawajua wale watu. Mama Numbi nilinunua mikate kwake kila asubuhi. Alinitazama kama ananiona mara ya kwanza, akavuta watoto wake nyuma ya sketi, na ilikuwa hofu ya kweli machoni mwake, na mwanaume wa baiskeli alikuwa amekwisha kushika pampu yake kama rungu. Hapo nilijua kwamba watu wanaweza kukuua bila hata kukuchukia.

"Nilikosea mutoto," nikasema. "Batoto balivaa sawasawa. Twende ku bibliyoteki. Kama mama yake haiko kule, munifanye vile munataka."

Wakasita. Nafikiri lilikuwa lile neno bibliyoteki, mutumbula gani anakwenda bibliyoteki. Wakanishika huku na huku, mtoto bado mgongoni analia, nami nikapelekwa katikati ya barabara chini ya mvua, na watu wakazidi kutoka majumbani kuuliza kuna nini, na wakiambiwa wanajiunga.

Hatukufika mbali. Mbele yetu akaja mtu wa kombati anakimbia bila kofia, na nyuma yake lori la Base linapiga honi. Alikuwa baba wa mtoto. Alikuja kuchukua familia, akakuta mke anapiga kelele. Alisimama mbele yangu, nikafumba macho nikingoja kofi. Halikuja. Nilisikia vidole vyake vinafungua fundo la kitenge changu kifuani, na vilikuwa vinatetemeka hata fundo halifunguki, ikabidi nimsaidie. Akamchukua mtoto, akamweka begani, mtoto akanyamaza palepale. Ndipo akanitazama, akauliza kwa Swahili ya kiaskari, bila ukali hata kidogo:

"Na wako iko wapi?"

Ndugu zangu, mpaka dakika ile sikuwa nimefikiri. Mvua yote ile, aibu yote ile, watu wote wale, na sikujiuliza: kama huyu ni wa sajini, wangu yuko wapi. Nilimwacha katika chumba chenye mlango wazi, mtoto asiyesema, asiyeweza kumwambia mtu jina lake wala mtaa wake. Nikatoka katika mikono ya walionishika, sijui kwa nguvu gani, nikakimbia. Na wao, waliokuwa wananipeleka, wakaanza kunikimbiza, na sajini na mtoto wake, na lori nyuma, mji mzima unakimbia nyuma ya mutumbula.

Niliingia bibliyoteki nimepoteza kiatu na kilemba. Mama Elisa alikuwa amekaa chini, katikati ya chumba, na mikononi mwake amemshika Ngoie. Alikuwa amemkumbatia kwa nguvu, kama mtu anayeshika rehani. (Ngoie alikuwa amejificha chini ya meza ya Bwana Kasimiri kwa kuogopa radi, na kitabu chake kifuani. Alikuwa pale wakati wote.) Nikanyoosha mikono. Mama Elisa hakumwachia. Akatazama nyuma yangu mpaka akamwona mume wake anaingia na mtoto begani, ndipo mikono yake ikalegea.

Bwana Kasimiri alisimama mbele ya meza. Mlango na madirisha vilikuwa vimejaa nyuso. Akanisubiri nipate pumzi.

"Mama Ngoie," akasema, "wakati wa mvua ulikuwa wapi?"

Mimi nikaona bado kuna njia ndogo ya kupita. Nikasema, "Bwana Kasimiri, nilikuwa hapa tu pa mulango, nilienda kuangalia mvua, nikarudia, giza..."

"Mama alienda ku samaki," sauti moja ikasema. "Mama aliniacha."

Ilikuwa sauti nzito, kama mlango. Nikageuka. Ngoie alikuwa amesimama na kitabu chake, ananitazama mimi, wala hakuonekana kama mtu aliyefanya jambo kubwa. Maneno mengi hivyo hakuwa amewahi kuyaunganisha tangu azaliwe. Miaka minne nilingoja mtoto wangu aseme, nikapiga magoti mbele ya kila mtakatifu, na siku aliposema alinishtaki mbele ya mji.

Hakuna aliyecheka. Nilikaa chini juu ya ule mkeka uliolowa, nikalia, na mkiniuliza nililia aibu au nililia furaha siwezi kuwatenganishia mpaka leo. Bwana Kasimiri alivua miwani akaipangusa muda mrefu.

"Mutoto anasema," akasema.

"Eyo vidye," nikasema.

"Basi mutoto atarudia kila Jumamosi. Baba yake atamuleta, ao nkambo yake, mama ya baba. Weye, mama, hapana. Weye hautaingia tena." Akageukia ile karatasi ukutani, nikajua anataka kutusomea, na kweli alitusomea sisi wote, na watu wa dirishani, na dereva wa lori, kutoka juu mpaka chini, na sajini alisimama wima wakati wote kama kwenye bendera.

Mama Elisa alipopita mlangoni aliniambia maneno fulani kwa Lingala. Sikumwomba mtu anitafsirie.

Samaki walibaki kwa Mgiriki. Nilimtuma mtu kesho yake, akarudi akasema hakuna aliyewagusa, watu waliwapisha wakawaacha mpaka wakafagiliwa. Mama mkwe alikula sombe tena, na safari hii hakutazama ukuta, alinitazama mimi. Donati hakunigombeza, jambo ambalo lilinisumbua wiki nzima, halafu siku moja nikamsikia kule nyuma ya nyumba anawasimulia mafundi wenzake na wanashikana mabega kwa kucheka. Na jina likabaki. Mama Mutumbula. Watoto wa kambi walikuwa wakiniona na gunia la makaa wanatawanyika kama kuku. Sokoni nikishika samaki, lazima mtu aulize ni wa kumnonesha nani.

Donati alimpeleka Ngoie kila Jumamosi asipokuwa kazini, mimi nawasindikiza mpaka kwenye kona, nasimama, narudi. Aliendelea kusema, na alipoanza hakunyamaza tena, huyo leo ni mwalimu na ana sauti ya kusimamisha treni. Mimi kule ndani sikuingia tena kamwe. Bwana Kasimiri alihamishwa, akaja mwingine ambaye hakunijua, na bado sikuingia.

Lakini nilijiwekea sheria yangu, na sijaivunja. Mtoto yeyote nitakayembeba, wangu au wa mwenzangu, iwe kanisani, iwe hospitali, iwe jua kali linawaka, kwanza namgeuza uso, namwita jina lake, nangoja. Wajukuu wanachoka na mimi. Juzi mmoja alikuwa mbele yangu mchana mweupe, amenyoosha mikono nimbebe, ananiambia, "Nkambo, njo miye huyu, si unaniona." Nikamwambia ndiyo, ninakuona. Itika kwanza.